Pointi za Baba Mukwe

Mwaka wa 1927, nikiwa na miaka kumi na moja hivi, ndipo taabu ilinikuta. Ninasema "hivi" sababu kwetu hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Padri aliniangalia meno na magoti, akaandika alivyoona yeye. Mwaka ule baba yangu alichukuliwa kwenda kulaza njia ya reli, yeye na wanaume wengine wa kijiji. Hawakufungwa kamba, lakini hakuna aliyeulizwa kama anataka. Hakurudi. Walituletea blanketi yake na sufuria. Mama aliolewa na ndugu ya baba, na yule ndugu hakunipenda, basi niliifuata reli ile ile iliyomla baba yangu mpaka Kamina, nikabaki hapo. Watu wananiuliza nilifanyaje kutafuta kazi mahali palipomuua baba. Ninawajibu: palikuwa na posho.

Shule nilisoma miaka miwili kwa mapadri. Kusoma ninasoma polepole, kuandika ninatumia nguvu. Haya nimeyaandika mwenyewe. Kama mstari umepinda, mtanisamehe. Reli nilizonyoosha mimi hazikupinda.

Nilianza kwa kuchota maji ya wafanyakazi. Halafu wakanipa piki, sururu ya kushindilia mawe chini ya reli. Halafu, baada ya miaka mingi, wakanipa firimbi na kasketi, kofia yenye bamba la shaba mbele, nikawa kapita, msimamizi wa kikosi cha njia pale stesheni ya Kamina. Hakuna ndugu aliyenisukuma. Nilikuwa na sauti kubwa, nilijua kuhesabu kwa Kifaransa mpaka mia, na siku ya kazi sikugusa pombe. Hakuna siri nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni mwanaume mmoja wa upande wa Kabondo-Dianda, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Siku yangu ya kwanza na piki aliniambia, "Mutoto, rudisha mguu nyuma. Reli haina huruma, na vidole haviote tena." Alikuwa kazini tangu reli ya kwanza kulazwa. Mbele ya wazungu alikuwa na maneno machache, mbele yetu alikuwa nayo mengi. Kwa miaka tulikula chungu kimoja, yeye na mimi. Yeye alileta samaki wa kukausha waliotoka kwao, mimi nilileta sombe ya majani ya mihogo, bukari, ugali wetu, tulipika hapo hapo kando ya njia, juu ya mawe. Alinicheka sababu nilichelewa kuoa. Nilichelewa sababu sikuwa na baba wa kunitolea mali ya kuoa.

"Weye utaoa mutaimbo," alisema. "Tayari unashinda nao. Kulala nao njo kumebaki."

"Na weye yaya, utanipatia mali?" Nilimwita yaya, ndiyo kaka mkubwa kwetu.

"Ya mutaimbo? Nitakupatia hata leo."

Basi sikuoa mutaimbo. Niliweka mali yangu mwenyewe, kidogo kidogo, na mtu niliyemtaka alikuwa binti yake.

Siku nilipotuma watu kuuliza, hakuwajibu. Kesho yake, saa ya kula, alinawa mikono, akaiangalia ile bukari bila kuimega.

"Ukimuoa, hiki chungu kimekwisha," alisema.

"Ninajua, yaya."

"Fikiri muzuri. Bibi utamupata fasi yote. Muntu wa kula naye kwa kazi, hapana."

Nilifikiri siku mbili. Nilimuoa.

Msomaji asiye wa kwetu lazima nimweleze. Kwetu sisi Baluba, baba mukwe haumwangalii machoni. Haumwiti jina. Haukai naye mkeka mmoja, hauli naye chungu kimoja. Mkikutana njiani, unatoka kando mpaka apite. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko unayompa chifu, sababu chifu anakudai kodi tu, huyu alikupa mtoto wake. Na anachokatazwa mukwe, mume wa binti, kuliko vyote ni kumsema mzee wake mbele ya watu, hata kwa uzuri. Ukimsifu umempima, na ukimpima umejiweka juu yake. Kuna siku familia mbili zinaweza kulegeza mambo hayo. Mbuzi anakuja, watu wanakula, macho yanafunguliwa. Lakini anayechagua siku ni baba wa binti. Mukwe anangoja.

Sasa fikirini. Mimi ni kapita. Yeye ni mtu wa kikosi changu.

Asubuhi kapita anaita majina, kila mtu anajibu "Niko." Asubuhi ya kwanza baada ya ndoa niliita wote, nikafika mahali pake, nikanyamaza. Halafu nikasikia ngo! Alikuwa ameshika mutaimbo, akagonga reli mara moja. Nikaendelea na jina lililofuata. Tangu siku ile ikawa hivyo kila asubuhi: mimi ninanyamaza, yeye anagonga. Hatukuwahi kupatana juu ya jambo lile. Tungepatanaje, na hatukusemezana?

Amri za kazi nilizipitisha kwa muimbishaji. Kila kikosi cha njia kina muimbishaji, anayetoa wimbo ili piki zote zianguke pamoja. Wetu alikuwa mtu wa mchezo, hana neno la kweli kinywani toka asubuhi hadi jioni, lakini ndiye aliyekuwa wa pili wangu: nisipokuwepo, firimbi inakuwa kwake. Nilimwambia, "Pale mbele, mawe yamelegea. Kama kungekuwa muntu wa kwenda kupiga."

Naye muimbishaji alimgeukia baba mukwe, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, akapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, "Baba! Kunaonekana kapita anapenda mawe ipigwe! Unasikia, ao nipande kwa kichuguu?"

"Ninasikia. Umwambie nimeisha kwenda."

"Kapita, anasema ameisha kwenda!"

Watu walicheka mpaka wakaacha piki. Mimi sikucheka, sababu nilitamani kumwambia mwenyewe. Nilitamani kumwambia na mambo mengine. Binti yake alipozaa mtoto wetu wa kwanza, watu wote wa kikosi walinishika mkono, na yule aliyenifundisha kushika piki alisimama mbali, mgongo kwangu, akilainisha mpini wa nyundo ambao ulikuwa laini tayari.

Hayo yote yalibebeka. Yaliyofuata ndiyo yalinibana.

Baada ya vita ya wazungu alikuja shefu mpya wa njia. Mzungu kijana, si mbaya, hakupiga mtu. Alijua Kiswahili cha jikoni na alitaka mambo yote yawe wazi. Alileta kawaida mpya: mwisho wa mwaka kila mfanyakazi anapanda kwenye barza ya biro, ofisi ya shefu, kapita anasimama kando ya meza, na kapita ndiye anasema, mbele ya mtu mwenyewe, kama mtu huyu anafanya kazi vizuri ao vibaya. Shefu anasikia, anatoa pointi. "Mbele ya macho yake," alisema. "Hapa hakuna kusengenya. Muntu asikie kwa masikio yake kapita anamusema namna gani." Alifurahia sana ile akili yake.

Na pointi zile hazikuwa mchezo. Mwaka ule kambi ya wafanyakazi ilikuwa inajengwa upya. Mistari ya zamani ya nyumba za udongo ingebomolewa. Waliopata pointi za juu wangepewa nyumba za matofali, paa la bati. Kijana asiyepata angengoja mwaka mwingine. Lakini mzee asiyepata angeambiwa asante, apewe tiketi ya treni, arudi kwao. Baba mukwe alikuwa mzee kuliko wote katika kikosi. Nyumba yake ilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa kubomolewa. Na alikuwa na watoto wawili wa mwisho waliosoma kwa mapadri, na huko kijijini kwao wakati ule hapakuwa na darasa la kuwatosha.

Kumbe kulikuwa na baya zaidi. Yule shefu alikuwa ametuangalia miezi mingi. Aliona simwiti yule mzee jina. Aliona simpi amri mwenyewe. Siku moja alikuja na gari ndogo ya kusukuma juu ya reli akaniona natoka njiani, naingia majanini mpaka magoti, ili mtu wangu mwenyewe wa kazi apite. Aliunganisha hayo akapata jibu lake: yule mzee hamsikii kapita, na kapita anamwogopa. Mzungu anaweza kukaa kwetu miaka, akaona kila kitu, na bado akasoma kinyume.

Nilimwambia mke wangu mchana, alipokuwa anasonga bukari. Hakuacha kusonga.

"Utasema nini?" aliniuliza.

"Sijui."

"Ukitaja jina la baba yangu mbele ya bantu, usikuye kutafuta chakula humu."

"Na nikinyamaza, watamrudisha kijijini."

"Wakimurudisha, vile vile usikuye."

"Sasa nitakula wapi?"

"Weye njo kapita," alisema, akaniwekea sahani mbele, na ilikuwa imejaa. Nilikula nikimwonea haya.

Nilienda kwa shefu kabla ya siku yenyewe. Nilivua kasketi, nikasema, "Shefu, kuna muntu mumoja, ninaomba umuulize mwingine juu yake."

Alimjua mara moja. "Mzee? Alifanya nini? Anaiba?"

"Hapana. Njo baba ya bibi yangu."

Nilidhani nimefungua mlango. Aliegemea kiti, akatabasamu kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Ah. Iko baba ya bibi yako. Basi utamusifu sababu ni wa nyumba yako."

"Siwezi kumusifu, shefu. Siwezi kumusema kabisa. Kwetu..."

"Kapita. Sikia. Ukimusifu, sitaamini sana. Ukinyamaza, nitaandika kile macho yangu iliona. Lakini utasimama pale na utasema, sawa kwa wote. Siwezi kufanya sheria moja kwa bantu yote na ingine kwa wakwe yako."

Alikuwa na haki kwa upande wake, na ndiyo iliyoniudhi. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua. Huyu aliniacha bila pa kupumulia. Pale reli zinapokutana kuna mahali mguu unaingia vizuri lakini hautoki, na kila mtu wa njia anapajua na kupaogopa. Mimi nilikuwa nimeingiza mguu pale kwa kuoa tu.

Ikabaki njia ya mbuzi. Nilinunua mbuzi mzuri, dume jeupe, kwa mfanyabiashara Mwislamu wa Maniema aliyeuza nguo na mifugo karibu na soko. Yule alijua mambo ya wakwe, hata kama si ya kwetu. Alinishikisha kamba akasema, "Huyu nakupa, lakini mzee akimkataa, usinirudishie." Nilimtuma muimbishaji ampeleke kwa baba mukwe na maneno haya: kwamba ninaomba macho yafunguliwe kabla ya siku ya barza, ili niseme bila kumvunjia heshima.

Muimbishaji alirudi jioni na mbuzi.

"Amekula vizuri kule," alisema. "Nadhani ameongezeka."

"Alisema nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtu anatafuta maneno. "Alisema umwambie hivi: sikumupa binti ili anipime kama unga wa posho. Kama macho yatafunguliwa, yatafunguliwa sababu ya mutoto aliyezaliwa, hayatafunguliwa sababu ya nyumba ya muzungu. Akisema vibaya juu yangu, amenipima. Akisema vizuri, amenipima vile vile."

"Basi anataka kurudi kijijini?"

"Nilimuuliza. Alisema hapana, hataki. Alisema njo kazi ya kapita kutafuta njia."

Nilikasirika. Niseme wazi, nilikasirika naye sana. Alikuwa amenifunga mikono halafu ananiambia niogelee. Nilifunga mbuzi nyuma ya nyumba, nikakaa, nikafikiri kwamba nisingemuoa binti yake, ningeweza kusimama pale na kumsema mpaka shefu achoke kusikia, sababu mambo ya kusema niliyajua yote. Hakuna mtu Kamina aliyemjua yule kazini kama mimi. Na kwa sababu ile ile, mimi peke yangu nilizibwa mdomo.

Siku ikafika. Barza ya biro ilikuwa na ngazi chache za sementi. Kikosi chote kilisimama chini, kwenye mstari, nguo zimefuliwa. Shefu alikaa mezani, mimi kando yake, kasketi kichwani, firimbi shingoni. Alianza kuita. Mtu anapanda, mimi ninasema. Huyu ana nguvu lakini anachelewa Jumatatu. Huyu ni mzuri, umwongeze. Huyu anavunja mipini. Sikumwonea mtu na sikumbembeleza mtu. Mmoja niliyesema anasinzia alinitazama akasema, "Kapita, weye pia ulisinzia ile siku ya mvua," na shefu akacheka, nami nikasema ni kweli.

Halafu akaita jina la baba mukwe.

Alipanda ngazi polepole, kofia mkononi, macho kwenye sementi. Mimi niligeuka ubavu, nikaangalia ukuta. Tulisimama hivyo, watu wawili waliokula chungu kimoja miaka mingi, tukiangalia mmoja chini na mwingine ukuta.

"Kapita, sema."

Pale chini, kwenye mstari, nilisikia mtu anakohoa.

"Kapita. Ninaandika ao ninangoja?"

Nilisikia kalamu yake inagonga meza. Nilisikia kwamba nikifungua kinywa jina litatoka lenyewe, sababu lilikuwa jina la mtu niliyempenda na sikulitamka tangu nilipooa. Na nikaona vile vile kwamba nikinyamaza tena kidogo, kalamu itaandika. Pande zote mbili zilinibana, na wakati wa kufikiri ulikuwa umekwisha.

Basi nilivua firimbi shingoni. Nilivua kasketi, nikaiweka juu ya meza mbele yake, bamba la shaba likimwangalia. Nikashuka ngazi, nikaenda kusimama kwenye mstari, mahali pa mwisho.

"Nini hii?" aliuliza shefu.

"Kapita hayupo, shefu," nilisema kutoka chini. "Kapita asipokuwepo, wa pili njo anashika firimbi. Iko kawaida ya njia. Wa pili aseme."

Kawaida ile aliijua, yeye mwenyewe alituhimiza tuifuate, sababu treni haingoji kapita aliye mgonjwa. Aliangalia kasketi, akaniangalia mimi, akaelewa kwamba sichezi. Alisema, "Ukishuka, haurudie."

"Nimeisha shuka."

Muimbishaji alikuwa amesimama kinywa wazi. Ilibidi jirani yake amsukume. Alipanda, akachukua ile firimbi kama kitu cha moto, na mimi, kusema kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile yote, sababu nilikuwa nimeweka nyumba ya baba mukwe na chungu cha mke wangu mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kusema neno moja bila mchezo.

Hakuchezea. Alisema, "Shefu, huyu muzee, mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta ameisha kupita njiani kuangalia kama maji imekula mawe. Hakuna anayemutuma. Miye simutumi, kapita hamutumi. Bote humu kwa mustari, yeye njo alitufundisha. Hata kapita. Wakati muntu mupya anakuja, tunamuweka kando yake, na hakuna aliyekatwa kidole kando yake. Ukimurudisha kwao, utatafuta bantu wawili wa kukaa fasi yake, na watakatana vidole." Akafikiri. "Njo basi. Wimbo anaimba vibaya."

Shefu akamuuliza, "Na kwa nini hamusikie kapita?"

"Nani, yeye? Shefu, anamusikia mbele ya kapita kusema. Njo maana anagonga reli."

Shefu hakuelewa jambo la reli, na hakuna aliyemweleza. Lakini aliandika. Alimpa pointi za juu, akazisema kwa sauti, kama alivyopenda mambo yawe wazi. Baba mukwe alisema "Merci, shefu," akashuka. Alipopita mbele yangu nilitoka kwenye mstari nikampisha, na yeye akapita, macho chini, kama siku zote.

Nilikuwa nimebaki mimi. Shefu aliita jina langu mwisho. Nilipanda ngazi zile zile, sasa kichwa wazi, na muimbishaji akasimama kando ya meza mahali pangu, kasketi yangu kichwani kwake, imemzama mpaka masikio.

"Huyu?" aliuliza shefu.

"Kazi anajua," alisema muimbishaji. "Kichwa tu njo kigumu. Lakini reli nayo ni ngumu, na treni inapita."

Nilipata pointi za katikati. Mshahara ulishuka. Nyumba ya matofali sikupata mwaka ule, wala uliofuata.

Kesho yake asubuhi tulisimama njiani, ukungu bado uko kwenye majani. Kapita mpya alianza kuita majina, akigeuza mengine kuwa nyimbo. Aliita jina la baba mukwe, kamili, kwa sauti, na yule mzee akajibu kwa mdomo wake, "Niko." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ndoa yangu kusikia sauti yake wakati wa kuitwa. Majina yakaendelea. Likafika la kwangu. Kabla sijafungua kinywa nilisikia, kutoka upande wa pili wa njia, ngo! Mara moja.

Hakuna aliyecheka. Halafu nikasema, "Niko."

Ndiyo yote aliyowahi kuniambia juu ya jambo lile. Mbuzi tulimla baadaye, mtoto alipoanza kutembea, siku aliyochagua yeye. Macho yalifunguliwa, tulisalimiana, lakini chungu kimoja hatukurudia. Wakati ulikuwa umekwisha kupita. Alizoea kula peke yake, na mimi pia.

Nilibaki miaka chini ya muimbishaji. Msifikiri nilibaki kwa moyo mzuri. Nilibaki sababu nilifungwa. Nyumba ilikuwa ya kampani, posho ya kampani, dawa ya mtoto ya kampani, hata mlango haukuwa wangu. Mtu akiacha kazi leo, kesho analala nje na watoto. Kila asubuhi niliitikia jina langu kutoka kwa mtu niliyemfundisha kupiga firimbi, nikainama na piki, na kila nilipoona ile kasketi nilimeza mate. Aliniheshimu, hakunitesa. Ilikuwa vibaya hivyo hivyo.

Kilichonitoa ni matofali. Wazungu walipoanza kujenga ile base kubwa ya askari na ndege, walitaka matofali kuliko watu walivyoweza kuyafanya. Jumapili baada ya misa nilikanyaga udongo, mke wangu alichota maji, tukachoma tanuru moja dogo, halafu jingine. Siku nilipoona tanuru linanilisha bila kampani, nilirudisha piki yao biro, nikaomba barua yangu ya kuacha kazi. Karani aliniuliza sababu. Nilisema, "Nimechoka kuitwa."

Baba mukwe alikaa katika ile nyumba ya matofali mpaka nguvu zikamwishia, na watoto wake wawili walimaliza kwa mapadri. Alipofariki nyumba ilirudi kwa kampani, wakaweka mtu mwingine. Ndugu zake waligawana vitu. Mimi mukwe sikuwa na haki ya kudai kitu, na sikudai. Waliniletea wenyewe mutaimbo wake, wakauegemeza ukutani kwangu, wakaondoka.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, matofali yangu mwenyewe, bati juu. Nina matanuru mawili, moja linafanya kazi. Nina shamba la mihogo na mahindi njia ya kwenda base. Nina mbuzi tisa. Nina kinga mbili, ndizo baiskeli, yangu na ya mke wangu, yangu haina breki. Nina mashini ya kushona. Nina viti sita na meza. Nina kipande cha reli nimekitundika mbele ya mlango, na ule mutaimbo wa kukigongea chakula kikiiva. Nina mke yule yule. Kasketi sina.